Tisa Kati ya Ishirini na Nne

Kila mwisho wa mwezi Rogathe alishuka Same kupeleka karatasi za zahanati. Alizikabidhi dirishani kwa karani, akanywa maji, akatafuta lori la kumrudisha hadi chini ya mlima, kisha akapanda kwa miguu mpaka Ikongwe. Mwisho wa Machi mwaka 1951 karani alimwambia asiondoke. Bwana Daktari alitaka kumwona.

Daktari wa wilaya alikuwa Mwingereza mrefu mwenye shingo iliyoungua jua. Mezani alikuwa ametandaza karatasi za miezi kumi, zote za Ikongwe.

"Wewe ndiye unayeandika hizi?"

"Tangu Oktoba, Bwana. Kabla yangu dresa aliandika mwenyewe."

"Mwandiko wako unasomeka. Wagonjwa wa kichomi kwenu wanatibiwaje?"

Rogathe alimweleza. Kulikuwa na dawa mbili. Vidonge vya emubi vilikuwepo tangu wakati wa vita. Penisilini, ile sindano mpya, ilifika Ikongwe Mei ya mwaka uliopita.

"Hapa Same sindano hiyo inaokoa watu," daktari alisema. "Huko kwenu wanaochomwa ndio wanaokufa. Kwa nini?"

Rogathe alizitazama karatasi zile.

"Penisilini inatafutwa sana," daktari aliendelea, akishusha sauti. "Wapo watu wanaoinunua kwa siri. Mtu akitaka, anaweza kuuza dawa na kuwachoma wagonjwa maji. Sisemi ni nani. Nataka unakili daftari lote la kichomi: jina, dawa, nani alipona, nani alikufa. Na utazame anachofanya dresa wenu. Usimwambie."

Mtu mwingine angekataa kumpeleleza mkubwa wake wa kazi. Rogathe alijihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mdogo wake, Yusto, alikuwa ameingia zahanati ya Ikongwe Agosti na kichomi, akachomwa sindano ile mara mbili, akafa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo Rogathe alikuwa akijiuliza swali lile lile, na sasa mtu mwenye cheo alikuwa amelisema kwa sauti.

"Nitaangalia," alisema.

*

Dresa wa Ikongwe, yule aliyetibu watu zahanati, aliitwa Aminieli. Watu walimwita Mgweno, kwa sababu alitoka Ugweno, upande wa kaskazini wa milima, na ingawa alikuwa amekaa Upare wa kusini miaka sita, Chasu chake, yaani Kipare, bado kiliwachekesha watoto. Mara nyingi alizungumza Kiswahili tu. Mkewe alibaki kwao akiangalia migomba. Hakunywa pombe, hakukaa barazani kwa mtu, na jioni alifunga mlango wake mapema. Ikongwe walisema mtu asiyekunywa na wenzake ana jambo analolificha tumboni.

Rogathe alianza kumtazama kama mtu anayetazama nyoka kwenye nyasi, na kila alichoona kilimtia shaka. Penisilini ilifungiwa kwenye kasha, na ufunguo wake Aminieli aliuvaa shingoni. Sindano aliitayarisha peke yake katika chumba cha ndani, mlango umefungwa. Chupa tupu alizifukia nyuma ya zahanati. Na kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajapangwa kwenye benchi, alitoka na kikopo chenye mfuniko, amekizungushia gunia bichi, akashika njia ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji mashambani kutoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji.

Siku moja alimfuata. Aminieli alipiga magoti ukingoni, akachomoa kitu kutoka kati ya mawe, akakitia ndani ya kikopo, akarudi upesi bila kutazama nyuma. Rogathe alichutama mahali pale. Aliona maji tu, baridi, yakipita.

Siku ya pili alisimama kwenye ufa wa mlango wa chumba cha ndani. Aminieli alikuwa na kisufuria cha maji. Aliyavuta kwa bomba la sindano. Akachoma kizibo cha chupa ya dawa, akayasukuma maji yote ndani yake.

Rogathe alirudi mezani kwake. Kumbe ni kweli.

Juma lile alimaliza kunakili. Alizipanga hesabu kwenye karatasi moja, kisha akazirudia mara tatu ili asije akamwonea mtu. Waliochomwa sindano walikuwa ishirini na wanne, tisa walikufa. Waliomeza vidonge walikuwa ishirini na saba, wanne walikufa.

Karatasi ile alitakiwa kuipeleka Same mwisho wa Aprili. Lakini Jumapili, baada ya ibada, alikuwa ameketi na mama yake wakipukuchua maharage ya kupika makande, na siri ikamshinda.

"Mama," alisema. "Sindano ile ya Mgweno. Kati ya watu ishirini na wanne, tisa wamekufa. Wa vidonge ishirini na saba, wanne tu."

Mama Yusto aliacha mikono ndani ya ungo. "Na Yusto?"

"Ni mmoja wa wale tisa. Na nimemwona kwa macho yangu anatia maji kwenye dawa."

Mama hakulia. Alipukuchua ganda moja, na lingine. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ile."

"Usimwambie mtu, Mama. Bwana Daktari amesema iwe siri."

"Nitamwambia nani mimi?"

Alimwambia dada yake tu. Dada yake alimwambia mumewe, na siku ya gulio, Alhamisi, hesabu ya Rogathe ilikuwa inauzwa pamoja na viazi vikuu na chumvi. Wengine walisema tisa kati ya kumi. Wengine walisema Mgweno ametumwa na watu wa kwao kupunguza Wapare wa kusini ili mashamba yabaki wazi. Benchi la zahanati, ambalo asubuhi za masika hujaa watu wanaokohoa, lilibaki na mama mmoja mwenye kidonda cha mguu.

*

Tumainieli aliletwa Jumatatu iliyofuata, katika mvua. Alikuwa mkulima wa miaka thelathini na kitu, mtu wa kitongoji cha Msangoi, saa tatu za njia mbaya. Vijana wanne walimbeba kwenye machela ya miti na blanketi. Mkewe, Hedwiga, alitembea ubavuni akimfunika uso na jani la mgomba.

Aminieli aliweka sikio kifuani kwa mgonjwa. Hakukaa nalo sana.

"Amekuwa hivi siku ngapi?"

"Leo ya sita," Hedwiga alisema.

"Mleteni ndani. Rogathe, chemsha maji."

"Asichomwe," Hedwiga alisema.

Aminieli aligeuka. "Mama, sikiliza anavyopumua. Tazama midomo. Vidonge ni vya mtu ambaye ugonjwa haujamfikisha hapa."

"Vidonge atameza."

"Vitachelewa. Nakuomba."

"Tisa kati ya ishirini na nne, Dresa." Hedwiga aliitamka taratibu, kama mtu anayesoma amri kanisani. "Na wa vidonge ishirini na saba, wanne. Mimi sikusoma sana, lakini hiyo naielewa. Mpe vidonge, au tumrudishe nyumbani."

Wale vijana wanne walisogea karibu na machela.

Hesabu ile haikuwa ya gulioni. Ilikuwa hesabu kamili, na ingetoka mahali pamoja tu, kwenye daftari. Aminieli alimtazama Rogathe. Rogathe aliinamia daftari, akaichovya kalamu ambayo tayari ilikuwa inadondosha wino.

Baadaye, kwa miaka mingi, angejiuliza kwa nini hakufungua mdomo wakati ule. Angeweza kusema, "Mama Hedwiga, mimi ndiye niliyehesabu, na sina hakika." Lakini alikuwa na hakika. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Alipomwona Aminieli anahesabia vidonge kwenye kiganja cha yule mwanamke, moyoni alisema: huyu angalau ameepuka maji yako.

Tumainieli alikufa siku ya tatu, asubuhi, jua likiwa limetoka.

*

Rogathe aliandika. Namba hamsini na mbili, Tumainieli wa Msangoi, kichomi, vidonge, amefariki. Ilibidi karatasi yake pia aisahihishe: wa vidonge sasa ishirini na wanane, wafu watano. Alipotafuta mahali pa kuingiza jina, alipitia majina yaliyotangulia, na kwa mara ya kwanza akayasoma kama watu.

Huyu wa arobaini na nane alikuwa mwalimu wa shule. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi akisahihisha madaftari ya wanafunzi huku akikohoa. Huyu wa arobaini na sita alikuwa bibi mwenye fimbo. Aligombana na kila mtu kuhusu zamu. Huyu wa arobaini na tatu alikuwa na kapu la parachichi, alikuwa akipitia tu njiani kwenda gulioni. Wote vidonge. Wote walikuja kwa miguu yao.

Alijaribu kumkumbuka mtu wa vidonge aliyefika kama alivyofika Tumainieli, kwenye machela, macho yamegeuka. Aliwatafuta wale wanne waliokufa. Wote tarehe zao zilikuwa za Novemba. Na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika jambo alilolisahau: chupa zimekwisha. Zilikuwa mvua za vuli, barabara ilikatika wiki tatu, hakuna lori lililofika chini ya mlima, na Aminieli aliwapa vidonge wote waliofika, wenye nafuu na mahututi, kwa sababu hakuwa na kingine.

Rogathe aliweka kalamu chini.

Mtu mwingine angetoka pale akaenda kumwuliza Aminieli. Yeye hakumwamini bado. Aliyaona maji yakiingia chupani. Mgweno angeweza kusema lolote la kujiokoa. Na kumbukumbu zake mwenyewe hazikutosha, maana waliotibiwa kabla ya Oktoba hakuwaona. Daftari lilikuwa na jina, kijiji, dawa na mwisho wa mtu. Halikusema alifikaje.

Basi akaamua kwenda kuuliza. Kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya ibada, tangu katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei, alizunguka vitongoji vya Ikongwe, akiteleza kwenye vijia vya udongo mwekundu, karatasi imefungwa ndani ya kanga isilowe. Kila nyumba aliuliza maneno yale yale. Mgonjwa wenu alitembea au alibebwa? Ilikuwa siku ya ngapi ya ugonjwa?

Hakupokelewa vizuri. Mtu anayekuja nyumbani kwako kuuliza habari za marehemu wako, ameshika kalamu, hana heri.

"Nani kakutuma?" mzee mmoja alimwuliza bila kumkaribisha kiti.

"Hakuna, mzee. Nimejituma."

"Wote husema hivyo."

Wengine walidhani ni habari za kodi. Wengine walidhani serikali inatafuta watu wa kushtaki. Kwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, ambaye mke wa mwanawe alikuwa mmoja wa wale tisa, alipewa chai ya maziwa na jibu la haraka.

"Alitembea. Alitembea mwenyewe mpaka zahanati, na akarudi amefunikwa shuka."

Rogathe aliandika. Alipofika kwenye uzio wa jirani, mwanamke aitwaye Ernesta alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

"Amekwambia alitembea?" Ernesta aliuliza, hata kabla ya salamu. "Mume wangu alishika mti wa mbele wa machela. Bega lilimvimba wiki nzima. Siku ya sita ile. Mzee alikuwa anasema tumwachie Mungu kwanza."

Rogathe alirudi. Mzee Anaeli alikuwa bado ameshika kikombe.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba." Alimtazama kitambo. "Umepita kwa Ernesta."

"Ndiyo, mzee."

"Nikisema alibebwa, utaandika pia kwamba ni mimi niliyemchelewesha?"

"Nitaandika alibebwa, siku ya sita. Hakuna mahali pa kuandika kingine."

Mzee aligeuza kikombe, akamwaga masalia ya chai chini. "Basi andika."

Tangu hapo Rogathe hakuondoka kijijini bila kumwuliza na jirani. Mtu mmoja hakumpata kabisa; alichomwa sindano akapona, kisha akahamia Ziwa Jipe kuvua samaki, na waliobaki kila mmoja alikumbuka lake. Mbele ya jina hilo aliacha pengo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwao.

Mama yake alimwona amekaa na karatasi, hajaikunja. "Na sisi utatuuliza?"

"Ni lazima, Mama."

Mama Yusto alijifuta mikono, akaketi mbele yake kama mgeni. "Uliza."

"Mgonjwa wenu alitembea au alibebwa?"

"Alibebwa."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tano." Mama aliitazama karatasi. "Siku ya pili nilitaka kumpeleka."

"Najua, Mama."

"Wewe ulisema—"

"Najua nilichosema."

Alikuwa amesema wanaume wote wako kwenye msaragambo wa kuzibua mfongo, kijiji kizima kimejitolea, si vizuri kuwatoa kazini kwa ajili ya mafua. Alikuwa amesema Yusto ni kijana, atatoa jasho, kesho atasimama. Siku ya tatu alisema hivyo tena. Hakumwambia mtu, na mama yake hakumkumbusha hata mara moja, hadi siku ile, na hata siku ile hakumalizia. Rogathe aliandika: alibebwa, siku ya tano. Herufi zilimtoka kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza.

*

Hesabu mpya aliifanya mezani zahanati, wagonjwa walipokwisha, akimwacha nje yule wa Jipe.

Waliokuja kwa miguu: wa vidonge ishirini na wawili, hakufa hata mmoja, wa sindano watatu, hakufa hata mmoja. Waliobebwa: wa sindano ishirini, walikufa tisa. Wa vidonge sita, pamoja na Tumainieli. Walikufa watano.

Alimwita Aminieli, akamsogezea karatasi mbili, ya kwanza na ya pili, na akamweleza yote, tangu siku ya Same. Aminieli alisoma akiwa amesimama. Alisoma polepole sana.

"Kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa unanihesabia wafu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na namba aliyoitaja yule mama ilitoka kwako."

"Ndiyo."

Alivuta kiti, akakaa. "Chupa zilikuwa chache. Aliyeweza kutembea nilimpa vidonge. Aliyekuwa anakufa nilimpa sindano. Nilidhani hilo kila mtu analijua. Sikudhani linahitaji kuandikwa."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Nilikuona unatia maji kwenye dawa."

Aminieli alitoa ufunguo shingoni, akafungua kasha, akamwekea chupa moja mkononi. Ndani kulikuwa na unga mkavu, mweupe, uliogandamana chini. "Uvute huo kwenye bomba bila maji, nikuone. Yanachemshwa, yanapozwa, ndipo yanaingia. Hata Same wanafanya hivyo."

"Na kule mfongoni?"

"Ikishakorogwa haitaki joto. Same wana jokofu. Mimi nina mfongo." Alirudisha chupa ndani ya kasha. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utanidanganya."

"Na sasa unaniamini?"

Rogathe alitaka kusema ndiyo, ingekuwa adabu. "Karatasi hii haisemi kwamba hukuuza chupa hata moja," alisema. "Inasema kilichokuwa ndani ya sindano kilikuwa dawa."

Alidhani atapigwa kofi. Aminieli alitikisa kichwa, akasimama, akaenda kufunga madirisha. Wiki nyingi zilizofuata alimsemesha ya kazi tu.

*

Aprili Rogathe hakuwa amepeleka karatasi ya kwanza; alimpa karani wa Same karatasi za mwezi tu, akaondoka kabla hajaitwa. Mvua zilipokwisha, Bwana Daktari alipanda mwenyewe na farasi wa kukodi. Alizisoma zote mbili barazani, kofia magotini.

"Umewauliza baada ya miezi," alisema. "Watu husahau. Watu hudanganya. Na wewe unafanya kazi na huyu bwana."

"Ndiyo maana niliuliza na majirani, Bwana. Walipotofautiana nilirudi mara ya pili."

"Waliobebwa wakapewa vidonge ni sita tu. Sita ni wachache. Huwezi kujenga hoja juu ya watu sita."

"Ni wachache," Rogathe alisema. "Namshukuru Mungu ni wachache."

Daktari alinyanyua macho. Kisha aliingia ndani, akakagua kasha, akachukua chupa moja aliyosema itapelekwa kupimwa. Majibu ya chupa ile hayakuja Ikongwe kamwe, na hakuna aliyejua kama ilipimwa. Kabla ya kupanda farasi aliagiza daftari lipigwe mistari upya, iwepo safu moja zaidi: mgonjwa alifikaje, na siku ya ngapi. Kwa Aminieli alisema kazi iendelee. Hakumwomba radhi, na Aminieli hakuonekana kuingoja.

Siku iliyofuata Rogathe alikwenda Msangoi.

Hedwiga alikuwa anapalilia mahindi. Aliendelea kupalilia huku Rogathe akisimama kwenye ncha ya tuta, akimweleza: ile namba ilitoka kinywani mwangu, nilihesabu vibaya, niliwaweka pamoja waliokuja kwa miguu na waliobebwa, mume wako alistahili ile sindano, nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Hedwiga alisimama wima, akaegemea jembe. "Unasema angepona."

"Sijui. Kati ya ishirini waliobebwa wakachomwa, kumi na mmoja walipona. Tisa walikufa hata hivyo. Sijui angekuwa upande gani."

"Basi usinihesabie," Hedwiga alisema. "Ulinihesabia mara moja, nikakuamini. Umekuja kunihesabia tena. Nenda zako, mtoto wa watu."

Rogathe alikwenda. Njia yote ya kurudi alishukuru kwamba hakutafuta neno la kujitetea.

*

Habari ilizunguka tena, safari hii polepole, maana habari ya kumsafisha mtu haina miguu kama ya kumchafua. Julai, baridi ilipokaza, benchi lilianza kujaa. Lakini watu wa Ikongwe walikuwa wamechukua kutoka kwenye hesabu ya Rogathe jambo moja tu: sindano hupewa waliobebwa.

Asubuhi moja machela ilifika, vijana wanne wanahema, na juu yake bwana mmoja mnene wa makamo, amejifunika blanketi hadi puani, anaugua kwa sauti.

"Alifikaje?" Rogathe aliuliza, kalamu tayari.

"Si unaona amebebwa?" kijana wa mbele alijibu.

"Kutoka nyumbani?"

"Kutoka nyumbani."

Rogathe alisimama, akazunguka upande wa miguu, akainua ncha ya blanketi. Nyayo zilikuwa na tope jekundu, bichi, hadi juu ya kifundo. Aminieli alikuwa mlangoni. Aliliona tope, kisha akamwona Rogathe, na ndevu zake zikacheza kidogo. Tangu Mei ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Ulipanda machela kona ya mwisho au ya kabla yake, baba?" Rogathe alimwuliza mgonjwa.

Kuugua kulikoma. "Ya mwisho," sauti ilisema kutoka ndani ya blanketi. "Pale kwenye mti wa msesewe."

Aminieli alimwekea sikio kifuani. Kichomi kilikuwepo kweli, kidogo, upande wa kulia. Alimpa vidonge. Rogathe alirudi mezani, akatafuta safu mpya, akaandika: kwa miguu, siku ya pili.